Akiba Haiozi, Lakini Ina Uzito

Safari ya meli ya kitalii ni matembezi ambayo chombo chenyewe huwa ndiyo hoteli, na bandari zinazopitiwa huwa vituo vya kutwa moja, kiasi kwamba msafiri hulala kitanda kile kile kila usiku na kuamkia mji mwingine asubuhi. Kitovu cha biashara hii ni Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako mwishoni mwa juma meli kubwa huteremsha maelfu ya watu asubuhi na kupakia maelfu mengine kabla ya magharibi, zikielekea Bahamas, Jamaica, pwani ya Mexico na visiwa vingine vya Karibi. Nyingine huanzia Barcelona au bandari za Italia kuizunguka Mediterania, na chache hufika hadi Mombasa na Zanzibar. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kazi Miami mwezi Januari 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 inapojaa, na ndani yake, kama ilivyo katika meli nyingine za aina hiyo, mna chakula tangu alfajiri hadi usiku wa manane, taulo, sabuni, maduka, zahanati na watumishi wa kutandika vitanda. Kwa hesabu ya kawaida, mtu anayekwenda mahali penye vitu vyote hivyo angetarajiwa kuondoka nyumbani karibu mikono mitupu. Hata hivyo, anayesimama gatini siku ya kupakia ataziona familia za watu wanne zikishuka kwenye teksi na masanduku makubwa, mabegi ya mgongoni, mkoba wa viatu, na mfuko wa plastiki uliojazwa dakika ya mwisho.

Kitendawili hiki kinastahili kutafakariwa, kwa sababu jibu lake halimo ndani ya meli. Makampuni ya meli kwa kawaida hayapimi mizigo kwa ukali wa mashirika ya ndege, na kwa kuwa abiria hufungua sanduku mara moja tu kwa juma zima, adhabu ya kubeba vingi huchelewa kumfikia. Pasipo na mizani, kinachoamua ukubwa wa mzigo ni hofu ya mwenye kuufunga, na hofu hiyo Waswahili wameipa heshima ya methali: akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli kwa nafaka iliyo ghalani na kwa fedha iliyofichwa, kwa maana ghala halitembei. Sandukuni inakutana na sharti ambalo haikulitarajia, kwamba akiba isiyooza ni lazima ibebwe, na mbebaji aghalabu si yule aliyeiweka. Ukiichunguza historia ya masanduku ya safari, utaona kwamba karibu kila uvumbuzi uliosifiwa kuwa umepunguza uzito umeuhamisha tu kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Kinachoupunguza kweli ni uamuzi wa kuacha, na uamuzi huo, ndani ya familia, ni mgumu kuliko ununuzi wa begi jipya.

Katika zama za meli za mvuke zilizovuka bahari kati ya Ulaya na Marekani, au kati ya Uingereza na makoloni yake ya Mashariki, mizigo ya abiria wa daraja la kwanza ilikaribia kuwa samani za nyumba. Mwaka 1858 fundi wa Paris, Louis Vuitton, alitengeneza sanduku la safari lenye kifuniko bapa, wakati ambapo masanduku mengi yalikuwa na vifuniko vya mviringo ili maji ya mvua yateremke. Ubapa huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba sanduku moja liliweza kupangwa juu ya jingine. Baadaye yakaja masanduku ya kusimamishwa wima, yenye droo upande mmoja na fimbo ya kutundikia nguo upande wa pili, yaliyofanya kazi ya kabati zima. Lakini utaratibu wa zama hizo unaofaa zaidi kukumbukwa ni ule wa lebo, yaani karatasi za kubandikwa kwenye mizigo ambazo makampuni ya meli yaliwapa abiria: lebo moja ilitangaza kwamba mzigo unahitajika wakati wa safari, na nyingine kwamba hauhitajiki. Mzigo wa aina ya kwanza uliwekwa mahali ambapo mwenyewe angeweza kuufikia. Wa aina ya pili ulishushwa tumboni mwa meli, na mwenyewe hakuonana nao tena mpaka bandari ya mwisho. Kwa njia hiyo abiria alilazimika kuamua, kabla ya nanga kung'olewa, ni nini hasa angekitumia njiani. Aliyekuwa akihamia Bombay au Mombasa kwa miaka kadhaa alikuwa na sababu nzuri ya kubeba visivyohitajika baharini, kwa kuwa kwake yeye njia na mwisho wa njia vilikuwa vitu viwili.

Safari ya kitalii iliifuta tofauti hiyo. Mwezi Januari 1891 Albert Ballin, kiongozi katika kampuni ya meli ya Hamburg iliyojulikana kama HAPAG, aliipeleka meli ya Augusta Victoria kutoka Cuxhaven hadi Mediterania, kwa sababu majira ya baridi abiria wa kuvuka Atlantiki walikuwa wachache, na chombo kilichofungwa gatini kilikuwa hasara. Mwaka 1900 kampuni hiyo hiyo ilishusha majini Prinzessin Victoria Luise, meli iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya matembezi. Kuanzia mwaka 1958, ndege za jeti zilipoanza kuvusha abiria Atlantiki kwa saa chache, meli za abiria zilipoteza kazi yake ya kufikisha watu, na zilizosalimika ni zile zilizoigeuza njia kuwa ndiyo safari yenyewe. Tangu hapo hakuna tena mzigo unaostahili lebo ya kutohitajika, maana anayerejea baada ya siku saba kwenye bandari ile ile aliyoondokea hana mahali pengine pa kukitumia alichobeba, na kila kisichotumika melini kimepelekwa baharini na kurudishwa bila kazi. Lebo zimetoweka, lakini vitu vilivyostahili kubandikwa lebo hizo vimebaki vimejipenyeza kati ya vitu vinavyohitajika: jozi ya pili ya viatu vya sherehe, koti la baridi ambayo haipo Karibi, kitabu cha tatu cha mtu asiyemaliza cha kwanza.

Zaidi ya hayo, mzigo wa leo hupita chini ya sheria mbili zisizofanana. Familia inayotoka mbali na bandari hupanda ndege kwanza, na ndege huruhusu kwa tiketi nyingi za kawaida begi la kilo 23, huku mashirika mengi yakikataa kabisa kupokea kipande kimoja kinachozidi kilo 32. Wengi hudhani kwamba kikomo hiki cha pili kinatokana na nguvu za ndege, ilhali ndege ingeweza kubeba kilo 40 katika begi moja kama inavyozibeba katika mabegi mawili. Kikomo kimewekwa kwa ajili ya mgongo wa mfanyakazi anayelinyanyua begi hilo kutoka kwenye ukanda na kuliingiza ndani ya ndege. Msomaji wa historia ya Afrika Mashariki atautambua uzito huo. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi ya ujira, waliochukua pembe za ndovu, vitambaa na shanga kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kwa kawaida walitwishwa ratili 60 hadi 70, ambazo ni sawa na kilo 27 hadi 32. Kiongozi wa msafara na shirika la ndege wamekaribiana katika kipimo bila kushauriana, kwa sababu wote wawili walikuwa wakipima kitu kimoja, nacho ni mwili wa binadamu. Kinachowatofautisha wabebaji wao ni kuonekana: mpagazi aliujadili ujira wake, aliukataa mzigo uliozidi, na mwenye mali alitembea naye njia moja, ilhali mchukuzi wa uwanja wa ndege yuko nyuma ya pazia la mpira ambalo sanduku hupita na kutoweka, na msafiri huamini kwamba mzigo umekwenda wenyewe.

Pazia hilo lina ndugu yake, nalo ni gurudumu. Mwaka 1970 Mmarekani Bernard Sadow, aliyekuwa katika biashara ya mabegi, alikuwa akirudi kutoka likizo ya familia katika kisiwa cha Aruba, huko huko Karibi, akiwa na masanduku mawili mazito mikononi, alipomwona mfanyakazi wa uwanja wa ndege akisukuma mashine kubwa juu ya jukwaa la magurudumu. Wazo la kulitia sanduku magurudumu lilimjia hapo, na hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, aliipata mwaka 1972. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba maduka yalisita kulipokea sanduku lake, kwa dhana kwamba mwanamume angeona haya kukokota begi badala ya kulibeba. Mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa shirika la Northwest, alilisimamisha begi wima juu ya magurudumu mawili na kulipa mpini mrefu unaozama ndani, na mabegi ya magurudumu manne yanayozunguka kila upande yakafuata. Kila hatua ilikuwa nafuu ya kweli kwa mabega na mikono, hasa ya wazee na ya wazazi wenye watoto wadogo. Lakini mkono ulioacha kubeba uliacha pia kupima. Msafiri wa zamani aliambiwa na bega lake, kabla hajafika mlangoni, kwamba amezidisha. Wa leo hatambui kitu juu ya sakafu laini, mpaka anapofika kwenye ngazi, kwenye barabara ya mawe, kwenye buti la teksi au kwenye kabini. Hapo uzito wote hurudi mara moja, na mara nyingi humrudia mtu mwingine.

Kwa mtazamo huo, kuchagua begi ni kuchagua mahali ambapo uzito utajitokeza. Kabini, yaani chumba cha kulala cha melini, aghalabu ina mita za mraba 15 hadi 18, na ndani yake watu wawili hadi wanne hulala, hubadili nguo na kuhifadhi kila walicholeta. Kabati ni jembamba, na mahali pa kuweka masanduku matupu ni chini ya kitanda. Sanduku la ganda gumu, ambalo siku hizi hutengenezwa kwa polikaboneti, aina ya plastiki nyepesi isiyopasuka kwa urahisi, hulinda chupa na vifaa na huzuia maji ya mvua, lakini mengi ya aina hiyo hugawanyika nusu kwa nusu yanapofunguliwa, yakidai eneo la sakafu maradufu ya ukubwa wake, na hayawezi kubonyezwa yaingie mahali pafinyu. Begi la kitambaa imara hufunguka upande mmoja, lina mifuko ya nje, na hukubali kusukumwa chini ya kitanda. Magurudumu manne ni starehe katika majengo ya bandari, ila begi lake huondoka lenyewe pale ambapo sakafu imeinama au basi limekata kona. Magurudumu mawili makubwa hustahimili zaidi mawe ya miji ya kale. Hakuna jibu moja linalowafaa wote, isipokuwa hili moja kuhusu ukubwa: begi dogo lina fadhila ambayo begi kubwa halina, nayo ni uwezo wa kukataa. Mahali palipo na nafasi tupu panaomba kujazwa, na hakuna familia iliyowahi kununua sanduku kubwa kisha ikalisafirisha nusu tupu kwa hiari yake.

Hila kubwa zaidi imo katika sanduku la pamoja. Familia inapoamua kutumia masanduku mawili makubwa kwa watu wanne, kila mmoja huongeza vitu vyake akiamini kuwa ni vidogo, na hakuna hata mmoja anayeiona jumla. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hubebwa na yule mwenye mikono yenye nguvu au mwenye moyo wa kutolalamika. Mabegi madogo manne, kila moja na mwenyewe, yana kilo zile zile za ganda na magurudumu, pengine hata zaidi, lakini yanarudisha uhusiano kati ya anayetia na anayebeba. Mtoto wa miaka minane anayejua kwamba ataliburuta begi lake mwenyewe kutoka teksini hadi kwa wachukuzi wa gati hupunguza wanasesere kwa busara ambayo hakuna mahubiri ya mzazi yangeifikia.

Utaratibu wa siku ya kupanda meli unathibitisha jambo hili kwa namna ambayo wasafiri wengi huipita bila kuizingatia. Masanduku makubwa hufungwa lebo zenye jina na nambari ya kabini, hukabidhiwa kwa wachukuzi gatini, hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi, na hufikishwa mlangoni pa kabini saa kadhaa baadaye, wakati mwingine jioni meli ikiwa imekwisha kuondoka. Katika ukaguzi huo huzuiliwa vitu ambavyo familia zenye hofu hupenda kubeba, kama pasi za umeme, birika na mishumaa, kwa kuwa moto ndio adui mkubwa wa chombo kilicho mbali na nchi kavu. Kwa hiyo kila familia hushauriwa kuwa na mkoba wa siku ya kwanza, wenye hati za kusafiria, dawa, miwani, chaja na nguo za kuogelea za watoto. Kwa nusu siku nzima familia huishi na mkoba huo peke yake: hula, huogelea, huzunguka sitaha zote, hushiriki zoezi la usalama, na haikosi kitu cha maana. Masanduku yanapowasili jioni, hupokelewa kwa furaha kama kwamba maisha yalikuwa yamesimama kuyasubiri, ilhali mkoba ule mdogo umekwisha kuonyesha ni kiasi gani kinachotosha.

Inafaa basi kuuliza ni nini hasa kinachojaza nafasi iliyobaki. Vitu vya safari vinaweza kugawanywa katika mafungu matatu kwa kuangalia kitakachotokea vikikosekana. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo kukosekana kwake ni madhara: dawa ya pumu, hati, miwani ya macho, chakula maalumu cha mtoto mchanga. Hivi havina mjadala, na kwa bahati nzuri ni vyepesi. Vingi huingia katika mkoba mmoja. Fungu la pili ni la vitu ambavyo kukosekana kwake ni kero: mwavuli, mafuta ya kukinga jua, kofia, soksi za ziada. Kero hulipika, kwa kuwa duka la melini au la bandarini lina vitu hivyo, ingawa kwa bei ya juu. Fungu la tatu ni la vitu ambavyo kukosekana kwake huhofiwa kuwa aibu, na hili ndilo zito kuliko yote. Meli nyingi huwa na jioni moja au mbili za mavazi rasmi, na kwa ajili ya jioni hizo hubebwa suti, magauni marefu, viatu vyake, mikoba yake, na badala ya hivyo vyote endapo nia itabadilika. Hofu ya kuonekana na vazi lile lile mara mbili ina mantiki mtaani, ambako arusi ya mwezi huu na ya mwezi ujao zina wageni wale wale. Katika chombo chenye maelfu ya watu wasiojuana, wanaokula kwenye kumbi tofauti na kutawanyika baada ya juma moja, shahidi wa aibu hiyo hayupo. Desturi ya pwani ya Afrika Mashariki ina mfano ulio kinyume cha hofu hii, nao ni jozi ya kanga, ambayo mvaaji mmoja hujifunika jua likiwa kali, hujifutia maji, huitandika mchangani na humfunikia mtoto aliyesinzia, bila mtu kumhesabia kuwa amerudia vazi.

Hesabu nayo husaidia kuiondoa hofu katika ukungu wake. Familia ya watu wanne inayopanga mavazi matatu kwa siku kwa siku saba inahitaji mavazi 84. Ikikubali kufua katikati ya juma, kila mtu anaweza kuishi kwa mavazi matatu ya mchana na moja la jioni, nayo jumla yake ni 16. Baadhi ya meli zina vyumba vya mashine za kufulia zinazotumiwa na abiria wenyewe, nyingine hutoa huduma ya dobi kwa malipo, na bafu nyingi za kabini zina kamba ndogo ya kuanikia nguo za kuogelea. Hata hivyo hapa pana mtego ambao washauri wa safari nyepesi huupita haraka. Katika familia nyingi, mwenye kufunga mizigo ni mama. Ndiye anayekumbuka homa ya mwaka jana, kipimo cha viatu vya kila mtoto, na kwamba mmoja wao hulala tu akiwa na shuka lake. Kazi hii ya kutangulia kufikiri haina mizani, na ndiyo inayozaa akiba nyingi sandukuni, kwa sababu kitu kikikosekana atakayeulizwa ni yeye. Akiambiwa apunguze nguo kisha akaachiwa kazi ya kufua siku ya nne, huku wengine wakiogelea, mzigo haujapungua. Umetoka kwenye begi na kuingia mikononi mwake. Familia inayotaka wepesi wa kweli hugawana lawama kabla ya kugawana kilo: hukubaliana mapema kwamba kitakachosahaulika kimesahauliwa na wote.

Ufungaji wa mizigo, ukitazamwa kwa jicho hilo, ni kazi ya mpango kuliko ya nafasi, na pwani ya Ziwa Tanganyika ni shahidi wa kauli hiyo. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer kilichopo mji wa Papenburg nchini Ujerumani, iliundwa meli ya Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, na ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000 yaliyosafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako mafundi waliiunda upya na kuishusha ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, wakiwa wamezipaka injini grisi nene ili zisiharibike. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, linalojulikana na wakazi wa mwambao huo. Kiwanda kile kile cha Papenburg hivi leo ni miongoni mwa wajenzi wakubwa wa meli za kitalii duniani. Makasha 5,000 ni mengi kupita kiasi kwa kipimo chochote, lakini hayakuwa mzigo wa hofu, kwa kuwa kila kasha lilifungwa na mtu aliyejua lingefunguliwa lini, na nani, na kilichomo kingekaa wapi. Sanduku la familia hufungwa kwa kanuni iliyo kinyume: linajazwa na mtu anayejua litafungwa lini tu. Anayeanza na swali la kufungua, akiipitia safari siku kwa siku na bandari kwa bandari na kukipa kila kitu saa yake ya kutumika, hugundua mapema vitu visivyo na saa, na hivyo ndivyo vya kuacha.

Wapo wasafiri wengine katika meli hiyo hiyo ambao wameuelewa ufungaji kwa lazima. Wafanyakazi wa meli za kitalii, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, na miongoni mwao vijana wa Kenya, huajiriwa kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa, na wa ngazi za chini hulala wawili au zaidi katika vyumba vilivyo chini ya sitaha za abiria. Mhudumu anayefikisha masanduku mlangoni pa kabini mara nyingi amefunga maisha ya miezi tisa katika begi linalolingana na lile ambalo mtoto mmoja wa abiria amelileta kwa siku saba, na begi la mhudumu huwa zito zaidi anaporudi, kwa kuwa zawadi za watu wa nyumbani ndizo sehemu ya sababu ya kuondoka kwake. Ulinganisho huu haukusudiwi kumtia abiria hatia, maana amelipia huduma na wahudumu wanaihitaji kazi hiyo. Unaonyesha tu kwamba kiasi cha mzigo hakifuati urefu wa safari. Kinafuata uhakika wa mtu kwamba mwingine atambebea.

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maana yake ya kawaida ni kuwakejeli wanaodharau taabu ya wengine kwa kuwa haijawagusa. Usiku wa mwisho wa safari methali hiyo hupata ushahidi wake, kwani abiria huombwa kuyaweka masanduku nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, na asubuhi huyakuta yamepangwa kwa rangi na nambari katika ukumbi wa bandari, yakiwa yamepita mikononi mwa watu ambao hakuwaona. Lakini meli nyingi hutoa pia njia ya pili: anayeweza kubeba mizigo yake yote mwenyewe, bila msaada, huruhusiwa kushuka nayo miongoni mwa watu wa kwanza. Kanuni hiyo ya bandarini ingefaa kuhamishiwa nyumbani, juma moja kabla ya safari, kwa kuitaka kila nafsi katika familia ibebe begi lake lililokwisha kufungwa, kutoka chumbani hadi nje na kurudi, na kulipandisha ngazi kama zipo. Mzazi mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye magoti mabovu watasaidiwa, na msaada huo utakuwa umejulikana na kukubaliwa badala ya kuangukia yeyote aliye karibu. Waliobaki watalifungua begi na kulipunguza wenyewe, kwa sababu hukumu ya uzito ni halali inapotolewa na aliyeubeba, na mpaka hapo kila kitu kilichomo ni usufi.